Kishale Kwenye Hapana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ormesinda Millacura
anatoka na tochi kuusoma mto.
Kipimo cha chuma ukingoni hakijui kubembeleza:
mita mbili, sentimita kumi na nne.
Anaandika kiganjani, maana karatasi kwa mvua ya Aysén
huwa uji kabla ya kufika mlangoni.

Ndani, juu ya meza ya kukandia unga,
ipo modemu: kijisanduku rangi ya moshi,
skrini ya mistari miwili, vitufe vinne,
na kitabu cha maelezo ambacho panya
walikisoma hadi ukurasa wa tisini.

Anabonyeza. Menyu inafunguka kivivu, kama mtu aliyeamshwa:
LAINI. KASI. SAUTI AU DATA.
Siyo hayo.
Teremsha, teremsha tena,
PIGA.
Namba ya Coyhaique imekaa nafasi ya kwanza;
nafasi tisa zilizobaki ni tupu
kama viti vya kanisa siku ya Jumanne.

Filimbi, kisha kokoto ndani ya debe,
kisha kimya cha vyombo vilivyoelewana.

Zamani, kabla ya filimbi, alikuwapo Belarmino.
Aliunyanyua mkono wa simu mwenyewe.
"Data?"
"Data."
Kisha kila mmoja alibonyeza kitufe chake
wakazipisha tarakimu zipite.
Miaka kumi na moja! Maneno yao yote ukiyajumlisha
hayajazi bahasha,
lakini alizijua mafua zake, birika lake,
na kiti chake kilicholia upande mmoja.
Mara moja tu, mwaka wa mafuriko, aliongeza:
"Kuni unazo?"
"Ninazo."
Hakuwa nazo.

Tangu Machi, chombo hupokewa na chombo.
Ni chepesi. Hakikohoi.

Tarakimu zimefika. Skrini inauliza:
KATA SIMU?
na kishale, alivyotaka fundi fulani wa mbali,
kinasimama kwenye HAPANA.
Ni tahadhari tu, kidole kisiteleze.
Lakini mtu hukata kuni, hukata shauri,
hukata tamaa, hukata hata roho,
na hakuna anayemuuliza mara ya pili.
Belarmino alipokatwa kazini
palikuwa na barua, na muhuri.

Anakiacha kishale palepale.
Pembeni sekunde zinapanda: arobaini na moja, arobaini na mbili.
Serikali hulipa kwa dakika.
Katika laini kuna mvumo, si wa mto, si wa mvua,
labda ni umbali wenyewe unapumua,
labda ni waya mbovu; ataandika ripoti.

Sekunde ya hamsini na nane
anakisogeza kwenye NDIYO.
TAYARI, yasema skrini, tayari kwa lipi haisemi.

Anachochea jiko.
Kiganjani wino haujatoka:
mbili, kumi na nne.