Hakuna Kilichopatikana

Kompyuta ya baba huchukua muda kuamka,
kama mwenyewe siku za Ramadhani baada ya daku:
inakoroma, inawasha taa moja, inaizima,
ndipo inafunua kioo na picha ya ng'ombe wa Pandani
aliyemuuza mwaka aliofariki mama.

Kazija yuko Maskati. Amepiga mara ya tatu tangu alasiri.
Arubaini imepita, na kesho ami zetu wanakuja Wete
na kamba ya kupimia. Ile orodha ya miti,
nani kapewa upi, baba aliipiga chapa mwenyewe
kwa vidole viwili, mwaka mzima, mimi shahidi.
"Imo humo," asema Kazija.
Najua imo humo. Humo ni wapi?

Ndani ya folda kuna folda.
MPYA. MPYA 2. MPYA KABISA.
YA MWISHO. YA MWISHO KWELI.
YA MWISHO KWELI ni risiti ya saruji ya choo.
MPYA KABISA ni picha mia na sita za kidole chake gumba.
Pipa la taka nimelipekua pia: tupu.
Baba hakuwa mtu wa kutupa.

Haroub, miaka kumi na moja, ananisogeza kwa bega.
"Mama, usipekue. Uliza."
Ananionesha kijisanduku cheupe pembeni mwa kioo,
chenye kidude cha lenzi.
"Hiki kinatafuta hata ndani ya maandishi."

Naandika: mirathi.
Hakuna kilichopatikana.
Shamba. Kinaniletea barua ya sheha kuhusu mbuzi.
Mikarafuu. Hakuna. Mkarafuu. Hakuna.
Mtambwe.
Hakuna kilichopatikana,
kana kwamba Mtambwe haijapata kuwako,
kana kwamba hatukupanda huko na pishi shingoni
tukashuka tumevimba kwa majimoto.

Ukutani mita ya tukuza inalia. Uniti nne.

Kazija simuni anakereka. Miaka ishirini ya Uarabuni
haijamtoa Wete mdomoni:
"Tafuta vyema, ntoto we! Shamba zima li nkononi mwako!"

Ntoto.
Nkononi.
Kidole kikasimama hewani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kidato cha pili,
madaftari arubaini na manne, na kalamu yangu nyekundu
haimsamehei aandikaye nti, nnazi, nlango.
Jioni moja, nyuma ya kiti hiki hiki,
nilimwambia baba: "Si n hapo. Ni m."
Hakugeuka. "Nti wangu," alisema, "nauita ninavyouita,"
akaendelea kudonoa herufi kama kuku na mtama.

Nafuta m. Naweka n.
Nkarafuu.

Faili moja.
Jina lake BARUA YA BENKI.

Mistari mia na tisa.
Nkarafuu wa Kazija, ulopinda, karibu na kisima.
Nkarafuu wa marehemu Bi Riziki, usikatwe.
Nkarafuu wa Faki, ulopigwa radi, bado wazaa.
Nashuka, nashuka, Kazija ananiita, siitiki.
Wa sitini na mbili:
Nkarafuu wa mwalimu. Nchanga. Wataka maji.

Na kompyuta, isiyojua Kiswahili chochote,
imepiga mstari mwekundu chini ya kila neno,
n na m bila kubagua,
chini ya kisima, chini ya maji,
chini ya jina la Bi Riziki aliye kaburini.

"Mama," Haroub anauliza, "hii mistari tuiondoe?"

Uniti mbili.

"Iwache, ntoto we.
Ntumie mama nkubwa."