Ukurasa wa Sita

Duluth tuliiacha theluji ikiwa magotini,
saa kumi alfajiri, basi likikohoa,
vijana ishirini na sita na magongo yao,
kocha Brodzik kiti cha mbele, kofia usoni,
hajalala, anajifanya.
Mimi si mchezaji tena. Goti langu lilikataa mwaka jana.
Kazi yangu ni daftari na penseli:
nani kagonga, nani kakosa,
nani kafika kituo cha pili
akabaki pale kama barua isiyo na anwani.

Tangu Novemba tumefanyia mazoezi ukumbini,
mpira ukidunda kwenye mbao, mtiifu,
unarudi ulikotumwa.
Hatukujua kwamba udongo nao una maoni yake.

Wisconsin. Illinois. Kentucky usiku, hatukuiona.
Georgia, kwenye kituo cha mafuta,
Haugerud alinunua karanga za kuchemsha,
akauliza nani kazimwagia maji,
kisha akala mfuko mzima peke yake.
Tou Vang alikuwa akishona glavu
kwa uzi wa kusafishia meno.

Florida ilitupokea kwa harufu ya nyasi zilizokatwa
na vijana wa chuo kingine, shingo zimeshaungua,
wenye mechi kumi na tano mkononi.
Mpira wa kwanza uligonga kokoto,
ukamruka Robidoux kama panzi.
Wa pili ulipaa juu, upande wa Tou.
Tangu Oktoba hajaliona jua la kweli:
mpira uliingia ndani ya jua
ukatokea nyuma yake.
Kumi na nne kwa mbili.

Kisha tisa kwa moja.
Kisha sita kwa tano, na hii ndiyo iliyouma.
Mbili nyingine sitazisema, zimo daftarini.
Motelini mashine ya kufulia ilikuwa moja,
maji yake yakatoka rangi ya chai ya maziwa,
na vijana wakapangana foleni na sarafu zao,
pua zinababuka, hakuna anayetania.

Alhamisi akarusha Haugerud.

Sijui alikula nini.
Sifuri, nikaandika. Sifuri. Sifuri.
Ngwe ya tatu Tou aliugonga mpira
hadi kwenye ukuta wenye tangazo la duka la matairi,
wawili wakarudi nyumbani, wakafuata wawili wengine,
na penseli yangu ikawa butu kwa furaha.
Benchini hakuna aliyekaa karibu na Haugerud.
Jambo kama lile ukilitaja, limevunjika.
Ngwe ya nne: sifuri.

Mvua haikupiga hodi.
Ilishuka yote kwa pamoja, kama mtu kapindua ndoo,
wakalifunika turubai lile tuta la mrushaji,
na sisi tukangoja saa nzima
tukiangalia maji yakikimbia kutoka kituo hadi kituo
bila wa kuyazuia.
Sheria inataka ngwe tano.
Mwamuzi alijifuta masharubu, akapunga mikono:
mchezo huu haupo.

Haupo.
Kocha akaja, hakuniangalia. “Futa,” akasema.
Ndiyo maana hataki tuandike kwa kalamu.
Nikaigeuza penseli, raba juu.
Tou alikuwa amesimama pale, kalowa chapachapa.
“Na ule mpira wangu? Nao haupo?”

Ukurasa wa sita niliukunja katikati.
Sikuufuta. Wala sikuuhesabu.

Jumapili, Duluth, theluji bado imekaa palepale
kama mgeni asiyejua kuaga.
Dereva akafungua buti la basi,
mifuko ikashuka, viatu vikagongwa kwenye gurudumu,
udongo mwekundu wa Florida ukamwagika juu ya weupe.
Kocha alikuwa wa kwanza kuukanyaga.
Akasimama. Akautazama kwa muda,
akausogeza kidogo kwa ncha ya kiatu.
Mazoezi kesho, akasema. Ndani.