Ufunguo wa Dorsila

Jumapili ile tulikuta mlango wa kanisa umefungwa.
Mvua ya usiku ilikuwa imeiacha Nyalenda tope tupu,
nasi tumesimama nje, Biblia kwapani,
kwaya na sare zao za zambarau,
mchungaji akitazama saa.

Ufunguo anao Dorsila.
Hupiga deki kila Jumamosi, magoti chini,
na Jumapili akiona pengo kwenye benchi
hubeba kilo mbili za unga, huyo, kubisha.
Kwangu alibisha mara tatu
mwaka ule nilioachishwa kazi.

“Anakaa wapi?” mchungaji akauliza.
Tukatazamana.
Miaka kumi na minne ya “Bwana asifiwe, dada,”
na hakuna aliyejua mlango wake.

Tukaulizia kwa muuza omena, kwa kinyozi,
tukaruka mitaro, viatu mkononi,
hadi chumba cha mabati.
Malaria. Shuka limelowa jasho.
Ufunguo shingoni, kwenye kamba ya kiatu.

“Chukueni,” akasema, “lakini sijapiga deki.”

Mchungaji akapiga magoti.
Tukafumba macho, tukidhani anaomba.
Tukasikia tambara likikamuliwa:
alikuwa anafuta maji chini ya kitanda.

Mimi nikawasha jiko.
Ufunguo tuliusahau shingoni mwake.