Maji ya Viazi

Baba alirudi kutoka hospitali na nusu ya mdomo.
Nusu nyingine ilibaki Groningen, ghorofa ya nne,
pamoja na meno yake ya bandia na neno "asante".
Daktari aliandika: vyakula laini tu.
Basi sisi watatu tukafungua gunia.

Yalikuwa Bintje, viazi vya udongo wetu mzito,
ngozi nyembamba kama kope,
na ndani unga, unga mtupu.

Jumatatu, Tjaard. Mhandisi.
Alivimenya, akavikata vipande vilivyolingana
kama anajenga daraja,
akapima chumvi kwa mizani ya betri,
akavitia vyote kwenye mashine ya visu.
Ikanguruma dakika moja.
Kilichotoka kilivutika kama gundi ya karatasi za ukutani.
Baba alikitazama, halafu akautazama ukuta,
pale penye ufa tulioachiwa na wachimba gesi,
na nadhani wote wanne tuliwaza jambo moja.

Jumanne, Frouwke, aliyeolewa Lyon.
Yeye hachemshi. Alivioka na maganda yake
juu ya kitanda cha chumvi ya mawe,
akavipasua vikifuka mvuke, akavikomba kwa kijiko,
akavipitisha kwenye chujio, tena na tena,
siagi juu ya siagi, kungumanga ya kukwangua.
Vilikuwa vitamu hata nikaona haya.
Baba alilamba kijiko kimoja,
akafunga mdomo kama benki siku ya Jumapili.

Jumatano nikajitosa mimi.
Sukumawiki ya bustanini, iliyopigwa na sakitu siku mbili
mpaka ikaingia utamu,
nikaipika juu ya viazi, sufuria moja,
nikaponda kwa kipondeo cha Mama,
kile chenye mpini uliopasuka, uliofungwa waya.
Haradali. Mafuta ya soseji ya moshi.
Vijiko vitatu alikula. Nikahesabu.

Alhamisi tukamchanganyia na matofaa,
chakula ambacho huku tunakiita Radi ya Moto
kwa jinsi kinavyochoma ulimi wa mwenye pupa.
Nilikuwa nakung'uta sufuria kwenye sinki
aliposema, "Ma."

Frouwke akaangua kilio. Anamwita Mama.
"Ma," akarudia Baba, sasa kwa hasira,
kidole kikilenga sinki,
kikilenga tundu la sinki,
na maji meupe yakizunguka, yakienda zake.

Maji.

Ndipo nikamwona, mgongo wake, aproni ya bluu:
kabla ya kumwaga, kikombe huzama kwanza.
Miaka ile maziwa yetu yote yalikwenda kiwandani
kulipa deni la shamba,
na Mama alilainisha viazi kwa maji yaliyoviivisha.
Deni likaisha. Kikombe hakikuacha kuzama.
Sisi tulikua tukidhani ndiyo ladha ya viazi.

Ijumaa tulipika bila kusemezana.
Chumvi. Kikombe, kabla ya kumwaga.
Sufuria juu ya moto mdogo, itikiswe,
viazi vikauke, vichakae kingo kama sufi.
Kisha kuponda, na maji kidogo, na maji kidogo,
na kijiko kimoja cha mafuta ya nguruwe.

Baba alishika kijiko kwa mkono wa kushoto,
mkono ambao haujawahi kusomea kazi hiyo,
akachimba kisima katikati ya sahani, akangoja.
Mchuzi! Hakuna aliyekumbuka mchuzi.
Tjaard akamimina yale maji yaliyobaki.

Ukingo ukabomoka upande wa dirisha,
kijito kikatoroka kuelekea mezani.
Baba akakiziba kwa mgongo wa kijiko, taratibu, bila wasiwasi,
kama baba zake walivyoizuia bahari,
na akala.

Baadaye, tukiosha vyombo, Tjaard aliniuliza
ni mililita ngapi.
Sikupima, nikamwambia.
Aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake.