Chuma Kilipoa Mara Mbili

Mwaka ule theluji ilikataa kuondoka hadi Oktoba.
Huku Aisén, kusini mwa Chile, ambako ramani ya serikali
ilikuwa bado karatasi nyeupe,
tulihesabu ng'ombe kwa pua kabla ya macho:
mizoga ndiyo iliyotangulia kujitaja.
Wa kwetu, thelathini na mmoja. Wa jirani, mama Ersira, sijui;
mumewe alikuwa ng'ambo ya mpaka akikata manyoya ya kondoo wa watu
na wa kuhesabu hakuwepo.

Mali bila daftari, husema watu, huisha bila habari.
Daftari letu lilikuwa ngozi za ng'ombe wenyewe,
na kalamu ni kile chuma alichokifua baba
kutokana na kikuku cha tandiko kilichovunjika:
nusu duara, na mkia.

Siku ya chapa alitoka na yule farasi jike wa kijivu,
Neblina, mwenye sikio moja lililoliwa na baridi,
asiyengoja hatamu, anayejua ng'ombe anawaza nini.
Wakarudi na mtamba mwekundu,
hana mama, hana alama,
mbavu zahesabika tokea mlangoni.

Kamba ya ngozi ikavuma. Akaanguka. Kaka yangu Rosamel akamkalia shingo.
Mimi, miaka tisa, nilikuwa mlinzi wa moto.
"Chuma," akasema baba. Nikampa, chekundu, kama kinachopumua.
Akasimama nacho.
Akatazama paji la mtamba: doa jeupe, lile lile
la ng'ombe wa Ersira aliyekuja kunywa mtoni petu kiangazi.
Upepo ukapita. Chuma kikawa zambarau, kikawa cheusi.
"Rudisha motoni."
Nikarudisha. Nikampa tena.
Mama alikuwa mlangoni, viganja vyeupe kwa unga, kimya;
gunia nyuma yake lilikuwa limekunjwa hadi magotini.
Kikapoa tena.
"Mfungueni."

Usiku alimpeleka hadi lango la Ersira, akamwingiza,
akarudi, kwato za Neblina zimefungwa magunia.

Baridi iliyofuata tulikula viazi, kisha maganda ya viazi.
Na Jumapili moja Ersira akaja, akanywa nasi chai yetu chungu kwa mrija,
akasimulia jinsi Mungu alivyomletea mtamba
usiku, mpaka ndani ya zizi, bila mtu.
"Bila mtu," akarudia, akimtazama Rosamel, kisha mimi.
Baba akanyonya mrija hadi kibuyu kikakoroma,
akasema maji yamepoa.