Malambo Kumi na Saba

Walikuja na vigingi vya chuma na ramani,
mwaka ule mtama ulipoliwa na kwelea kwelea.
Mpimaji akauliza kilima kinaitwaje.
Tukasema: Kwa Lechipya, aliyekuwa akichemsha chumvi hapa.
Akaandika: Eneo la Shabaha.

Tangu hapo siku za Chilonje zikasomwa kwenye mlingoti.
Bendera nyekundu ikipanda, ng'ombe hawatoki,
watoto wanajibanza ndani ya tembe
wakihesabu vishindo kama wenzao wanavyohesabu mbuzi.
Udongo wa dari ukidondoka chunguni,
mama yangu Yaledi aliuopoa kwa upawa, kimya.
Mara moja tu alisema:
"Ugali huu una serikali ndani."

Mimi nilikuwa karani wa kijiji. Daftari ninalo.
Kuku wanne, wameacha kutaga.
Ukuta wa zahanati, ufa, upana wa kidole.
Ndahani mwana wa Chibago, miaka tisa,
aliokota kitu kinachong'aa
akidhani ni njuga ya ndama.
Safu ya thamani niliiacha wazi.
Afisa akalirudisha daftari: jaza.
Sikujaza.

Lakini niseme na hili, ingawa Ndahani hapendi nikilisema:
mashimo yale yalikaa maji.
Nchi hii inayonyeshewa kama inayokopeshwa
ghafla ikawa na malambo kumi na saba,
ya mviringo, yaliyochimbwa bure.
Mwaka wa njaa ng'ombe wetu walinywea humo,
wakapona.
Mahari niliyotoa ilinywea humo.
Wanangu watano, ukitaka kufuata hesabu hadi mwisho,
wametoka shimoni.

Kisha siku moja bendera haikupanda,
wala wiki ile, wala masika yale.
Hakuna aliyekuja kutuambia basi.
Mlingoti upo hadi leo, umeinama kidogo,
na bado nautazama kabla sijafungua zizi.

Sasa mji mkuu unatambaa kuja huku.
Jana kijana wa viwanja, viatu vimechongoka,
alikuwa akipigilia vigingi vyake palepale
penye kutu ya vile vya kwanza.
"Mzee," akaniuliza, "haya mabonde ya duara
yametokana na nini? Wateja watauliza."

Ndahani alikuwa anachota maji,
ndoo kaibana kwa goti, kamba mkononi, ule mmoja.
Akanitazama.
Nikaingia ndani, nikatoka na daftari,
nikapuliza vumbi.
"Keti," nikamwambia kijana. "Una kalamu?"