Zamu ya Maji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, nje joto limeshatimia nyuzi thelathini na sita.
Mlinzi Bahadur anatufungulia mlango wa kaskazini
wa jumba la maduka, Mabela,
nasi tunaingia, wanawake wa mabuibui na raba,
kuvizunguka vioo vilivyolala.

Mie ndo kwanza natoka zamu, kwenye simu za dharura.
Usiku kucha nimevaa sauti za watu masikioni:
gari limepinduka, mama hapumui, mtoto, kisimani, njooni!
Nami nimekaa.
Hilo ndilo lililonishinda miaka sita:
mwili unaambiwa kimbia,
kiti kinaniambia kaa.

Nikawa nalala taya limekaza.
Muhanna akiangusha kijiko jikoni
moyo wangu ulikwenda mbio mpaka Sohari, ukarudi.
Kiuno kikanenepa, usingizi ukakonda.
Siku ya mapumziko, saa tisa za usiku,
nahesabu vipande vya dari.

Dokta Thuraya akatazama majibu ya damu, akauliza:
"Asili yenu wapi?"
Birkat al-Mawz, nikasema; baada ya Unguja, Kizimbani.
"Basi falaji unaijua."

Naijua. Shamba la babu lilikuwa na athari mbili.
Athari, ndivyo waitavyo kule nusu saa ya maji.
Zamu yako ikifika unaondoa jiwe na tambara,
maji yanakuja mbio, baridi, yanakulamba vifundo vya miguu.
Ikiisha, unaziba.
Usipoziba mizizi inaoza,
na jirani anakuja na bakora.

"Adrenalini," akasema, "ndiyo inayogonga mlango.
Kotisoli inafuata nyuma na ndoo.
Si adui hao. Ni maji.
Wewe kufungua unajua. Ulichopoteza ni jiwe."

Nikauliza kidonge.
Akaandika: kutembea kwa kasi, athari moja, siku tano kwa wiki.
Nilikasirika. Riali kumi na tano nimelipa
kuja kuambiwa nikatembee!

Wiki ya kwanza Bi Ghaya, miaka sitini na moja, goti bovu,
aliniacha kwenye duka la manukato.
Moyo ukinidunda vile vile kama napokea simu,
jasho lile lile, pumzi zile zile fupi.
Kumbe ndimo ilimo siri:
hapa aliyezibua ni mie.
Nauambia mwili, haya, shtuka kidogo,
hakuna anayekufukuza ila Bi Ghaya na udi wake.
Sasa basi. Ziba.
Kesho tena.
Mwili mwanafunzi mzito, hausomi kwa kuelezwa,
husoma kwa kurudia.

Mwezi wa tatu mvua ilipiga milimani, wadi ikashuka.
Mtu yuko juu ya paa la gari, anasoma shahada,
ananiuliza mie nisomaye skrini kama maji yatapungua.
Nilimshika kwa sauti dakika arobaini na moja.
Kisha laini ikakatika.
Sijui kama alishuka.
Sisi mwisho hatuambiwi.

Nikavua vifaa vya masikioni. Mikono ilitetemeka.
Nikaitazama, kama nitazamavyo mfereji,
bila kuigombeza.
Chai ya maziwa ilipofika, ilikuwa imetulia.
Zamani ingenichukua mpaka Ijumaa,
na Ijumaa yenyewe ningemmalizia Muhanna.

Sisemi nimepona.
Juzi nimepiga ukelele kwa ajili ya soksi.
Na yule mtu wa paa, nikipita penye maji ya chemchemi
ya bandia, karibu na ngazi za umeme,
huja akatembea nami hatua kadhaa.
Namwacha aje. Hatua zake hazina haraka.

Raba imelika kisigino cha kulia.
Taa za maduka zinaanza kuwaka moja moja.
"Mzunguko mmoja zaidi," anasema Bi Ghaya, "au umechoka?"

Nimechoka.
Tunakwenda.